Kutoka Santuri Hadi Simu: Nani Anamsikiliza Mtoto Akisema Kiingereza?

Wiki hii bumu limeingia, kwa hiyo nyuso huku hosteli zinang'aa na foleni ya chipsi mayai imekuwa ndefu kuliko ya maktaba. Si haba. Ila leo sina stori za bumu. Nina stori ya ubishi. Jamaa mmoja wa uhandisi hapa chumbani amesema programu za simu zinazowafundisha watoto kuongea Kiingereza zitamaliza tatizo lote, na kwamba kizazi kinachokuja kitafika chuo kikiwa kinateremka tu. Mwenzake, mwalimu mtarajiwa, akamjibu kwamba hizo ni njia mpya za kumaliza bando la wazazi. Mimi mtu wa Historia nikaombwa niamue. Filimbi sina, lakini kadi ya maktaba ninayo. Nimechimba, na nilichokikuta ni kwamba ubishi huu ni mkongwe kuliko simu yenyewe.

Kwanza niseme kwa nini unatuhusu. Wengi wetu tuliosoma shule za serikali tulifundishwa kwa Kiswahili miaka saba, halafu tukaingia kidato cha kwanza, kila kitu kikageuka Kiingereza isipokuwa somo la Kiswahili lenyewe. Tumekariri, tumeandika, tumefaulu, tumefika huku. Lakini nenda semina yoyote ya mwaka wa kwanza uone. Mhadhiri anauliza swali, kimya. Watu wanakodolea daftari kana kwamba jibu limechorwa pembeni. Mkitoka nje tu, chini ya mwembe, hoja zinamwagika kwa Kiswahili, nzito, zenye akili, mpaka unajiuliza zilikuwa zimejificha wapi. Yaani kusoma tunasoma, kuandika tunaandika, ila mdomo haujawahi kupata mazoezi. Na mazoezi ya mdomo yanataka sikio la mtu wa pili. Lishikeni hilo neno sikio, maana ndilo nitakalolifuata mpaka mwisho.

Kimya hicho kina historia yake. Mwaka 1967, katika vuguvugu la Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mkubwa na mzuri. Sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kipande hadi sekondari, kuanzia kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikulikubali hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakakuta kiko chini mno kuweza kubeba masomo. Ukafuata mradi wa kukiimarisha, uliofadhiliwa na Waingereza. Na dawa kubwa ya mradi huo ilikuwa nini? Vitabu. Vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, ili wanafunzi wasome zaidi. Si dawa mbaya, lakini mwaona wenyewe: jicho lilipewa chakula, mdomo ukaachwa na njaa.

Sasa tuje kwenye mashine. Edison alitengeneza fonografu mwaka 1877, chombo cha kwanza kilichonasa sauti ya binadamu na kuirudisha. Haikuchukua muda watu wakaona kwamba kama sauti inaweza kufungiwa, basi na mwalimu anaweza kufungiwa. Mwaka 1901 Jacques Roston alianzisha kampuni ya Linguaphone mjini London, na baadaye santuri zake zikaenea duniani. Unaweka santuri, sindano inakwaruza, bwana mmoja mwenye sauti ya mkahawani London anasema sentensi, wewe unairudia. Mwaka 1943 BBC nayo ikaanzisha vipindi vya kufundisha Kiingereza kwa redio. Huku kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na taratibu redio ikawa chombo cha sebuleni kwa wenye nacho na cha barazani kwa majirani.

Santuri na redio vilileta jambo jipya kabisa: mtoto wa kijijini aliweza kusikia Kiingereza bila kumsubiri mgeni. Lakini vyote vilikuwa na ugonjwa mmoja. Vilikuwa na mdomo, masikio havikuwa navyo. Ungeweza kuiambia santuri kwamba mbuzi ni treni, nayo ingeendelea na sentensi inayofuata kwa adabu zote.

Jaribio lililonivutia kuliko yote lilifanyika kwa jirani zetu Kenya, miaka ya mwanzo ya 1980. Uliitwa mradi wa sanaa za lugha kwa redio, ukafadhiliwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, kwa ushirikiano na Taasisi ya Elimu ya Kenya. Mbinu yenyewe ilikuwa imezaliwa Nicaragua mwaka 1974, katika hesabu. Kule Kenya walengwa walikuwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, hasa wa shule za vijijini, maana kuanzia darasa la nne masomo yangekuwa kwa Kiingereza. Kila siku ya shule, kwa nusu saa, redio iliingia darasani kama mwalimu wa pili. Haikuhutubia. Iliuliza swali, halafu ikanyamaza sekunde chache. Watoto wote wakajibu kwa pamoja, kisha redio ikatoa jibu sahihi, kana kwamba imewasikia. Iliwaamuru wasimame, waguse dirisha, waimbe.

Hebu fikiria huo ujanja. Yule mtangazaji alirekodiwa studio Nairobi siku nyingi nyuma, lakini kwa sababu ya zile sekunde za ukimya, mtoto aliamini anaongea na mtu. Na ilisaidia: katika majaribio ya kusikiliza na kusoma, watoto wa redio waliwashinda wenzao wasiokuwa nayo. Nionavyo mimi, huo ukimya mfupi ndio babu wa programu zote za leo. Ulikuwa sikio la kuigiza, lakini hata sikio la kuigiza lilimfungua mtoto mdomo.

Je, masikio ya kweli hayakuwepo shuleni? Yalikuwepo jamani, ila yalikuwa ya polisi. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind, ameeleza jinsi walivyoadhibiwa shuleni enzi za mkoloni kwa kusema Kigĩkũyũ: fimbo, faini, au kuvishwa kibao shingoni chenye maneno ya kumdhalilisha mtoto. Kifungo (button) kilipita mkono kwa mkono, kila aliyekuwa nacho akimwinda mwenzake wa kumkabidhi. Msidhani mambo hayo yaliondoka na mkoloni. Sekondari niliyosoma, ambayo sitaitaja, ilikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unasema Kiswahili, unakivaa mpaka umpate mwingine. Matokeo yake hatukujifunza kuongea Kiingereza. Tulijifunza kunyamaza. Mapumziko ya saa nne uwanja ulikuwa kimya kama msibani, watu wanaongea kwa macho na vidole. Sikio pekee tulilolijua lilikuwa linawinda kosa. Mtu aliyelelewa na sikio la namna hiyo miaka minne au sita, umkute semina ya chuo halafu umwambie ajisikie huru? Labda ndotoni.

Wakati hayo yakitokea, ng'ambo watu walikuwa wanahangaika kuitengenezea mashine sikio. Mwaka 1952 maabara za Bell nchini Marekani zilitoa mtambo ulioitwa Audrey. Uliweza kutambua tarakimu, sifuri hadi tisa, basi. Tena ulimwelewa vizuri mtu ambaye umerekebishwa kwa sauti yake. Akija mwingine unababaika. Mwaka 1962 IBM wakaonyesha chao, Shoebox, kilichotambua maneno 16. Mwaka 1978 kampuni ya Texas Instruments ikauza kichezeo cha watoto kilichoitwa Speak & Spell: kinatamka neno, mtoto anabonyeza herufi zake. Huyo naye mdomo tu, masikio hana, ila ilikuwa mara ya kwanza kwa wazazi wengi kuona kichezeo kinachoongea kikikaa mikononi mwa mtoto na kumfundisha.

Hatua niliyoipenda ni ya miaka ya 1990, katika chuo kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Profesa Jack Mostow na wenzake walitengeneza programu ya kompyuta inayomsikiliza mtoto akisoma Kiingereza kwa sauti. Mtoto anasoma hadithi kwenye skrini, kompyuta inafuata neno kwa neno, akikwama inamsaidia. Hapo sasa sikio likawa la kweli. Tatizo, kompyuta haikuwa ya mfukoni, na bei yake sitaki hata kuiwaza.

Kilichobadilisha mambo ni simu. Mwaka 2008 Apple walifungua duka lao la programu mwezi Julai, na la Android likafuata Oktoba. Kikwazo cha chombo kikaanza kuporomoka, maana simu ilikuwa njiani kuelekea kila mfuko. Mwaka 2012 Duolingo ikafunguliwa kwa umma. Mwaka 2015 ikaanzishwa ELSA, programu inayosikiliza matamshi yako ya Kiingereza na kukuonyesha sauti ipi umekosea. Mwanzilishi wake, Vu Van, ni mwanamke wa Vietnam aliyekwenda kusoma Marekani akiwa na Kiingereza kizuri cha karatasi, halafu akakuta watu hawamwelewi akifungua mdomo. Nilipoisoma hiyo nikasema huyu dada angekaa vizuri sana kwenye semina zetu. Mwaka 2019 Google wakatoa India programu ya watoto iitwayo Bolo, ambayo mwaka 2020 ilienda nchi nyingine nyingi kwa jina la Read Along. Mtoto anasoma hadithi kwa sauti, mhusika wa kuchorwa anamsikiliza, anampongeza au anamsahihisha. Ukishapakua hadithi zako, inafanya kazi bila intaneti. Kwa mzazi wa Bongo hilo si jambo dogo.

Na sisi wenyewe tumeshiriki historia hii, tena pazuri. Wangapi mnajua kwamba moja ya majaribio makubwa duniani ya kufundisha watoto kwa vishkwambi lilifanyika mkoani Tanga? Shindano liliitwa Global Learning XPRIZE, lilitangazwa mwaka 2014, na zawadi zote pamoja zilikuwa dola milioni 15. Timu tano zilifika fainali. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa miezi kama 15, watoto wapatao 2,700 katika vijiji karibu 170 walipewa vishkwambi vyenye programu hizo, na vikawekwa vituo vya kuchajia kwa nguvu ya jua. UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali yetu walikuwemo. Asilimia 74 ya watoto hao iliripotiwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwisho wa jaribio, wasioweza kusoma hata neno walikuwa wamepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi walitangazwa wawili, Kitkit School na onebillion, wakagawana dola milioni 10. Na mmoja wa wale watano wa fainali alikuwa RoboTutor, iliyotoka kwa Mostow yuleyule wa Pittsburgh. Dunia ni duara wadau.

Lakini historia ya Tanga isomwe vizuri, maana wengi wanaitumia kama nabii wa Kiingereza. Watoto wale walipimwa kusoma, kuandika na kuhesabu, na walipimwa kwa Kiswahili, lugha wanayoielewa. Hilo lina maana kubwa. Programu ilimfaa mtoto kwa sababu neno lililotokea kwenye kioo lilikuwa tayari linaishi kichwani mwake. Alilijua kwa sikio, alichokosa ni kulijua kwa jicho. Kiingereza kwa mtoto wa kijijini ni kinyume chake: neno haliishi popote, si nyumbani, si sokoni, si kwenye mpira. Anayetaka kishkwambi kifanye kwa kuongea Kiingereza kile kilichofanya kwa kusoma Kiswahili, anataka kuvuna shamba ambalo halijapandwa.

Halafu kuna suala la sikio lenyewe limelelewa wapi. Mashine hujifunza kusikia kwa kulishwa sauti za watu, na itawaelewa zaidi wale waliolishwa kwa wingi. Mwaka 2020 watafiti Marekani walipima mitambo ya kutambua sauti ya kampuni tano kubwa: Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani mitambo ilikosea asilimia 35 ya maneno ya wasemaji weusi, na asilimia 19 ya wasemaji weupe. Na hao wote ni Wamarekani, Kiingereza ni chao tangu kuzaliwa! Sasa mlete mtoto wa Kitanzania. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina sauti za irabu mara tatu au nne ya hizo, kwa hiyo "ship" na "sheep" kwake ni pacha. Ongeza kwamba sauti ya mtoto yeyote ni nyembamba na inababaisha mitambo kuliko ya mtu mzima. Mashine ikimwambia amekosea, amekosea kweli, au haijamsikia tu? Mtoto hana namna ya kujua. Na yule asiyejua huishia kudhani kosa ni lake. Tukifika hapo, tumerudi kwenye kibao cha shingoni, tofauti ni kwamba hiki kina betri.

Nina mpwa wangu Muheza, yuko darasa la tatu. Dada ana simu ya kupangusa, na jioni mtoto anapewa dakika zake. Nilipokwenda likizo nilimkuta anasoma hadithi za Kiingereza kwa sauti kwenye simu, anapata nyota mpaka unaona wivu. Nikamuuliza kwa Kiingereza chepesi, leo umekula nini? Akatabasamu, akaangalia chini, kimya. Kimya kilekile cha semina! Alikuwa na maneno, hakuwa na mazungumzo. Basi tukajaribu kitu. Akimaliza hadithi kwenye simu, anakuja kunisimulia mimi, kwa Kiingereza chake, hata kibovu, na likikosekana neno anatia la Kiswahili tunasonga mbele. Mimi kazi yangu ni kuuliza "halafu?". Simsahihishi mpaka amalize. Siku ya kwanza alisema maneno manne. Wiki ya pili alinisimulia sungura na fisi mpaka ugali ukapoa, na bibi yake, ambaye Kiingereza hajui hata kidogo, akawa anacheka mahali panapostahili.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mhandisi ana haki nusu: kwa mara ya kwanza katika historia mtoto maskini anaweza kupata chombo cha mfukoni kinachosikia, kisichomcheka, kisichochoka, na kisicho na fimbo. Siku hizi, tangu mwaka 2023, kuna hata programu za akili bandia zinazoongea na kurudisha maswali kwa sauti. Tusizibeze. Kwa mtoto mwenye aibu, mashine ni mahali pazuri pa kukosea bila kuchekwa. Mwalimu mtarajiwa naye ana haki nusu: kila mashine, kuanzia santuri, ilikuja na ahadi kwamba itachukua nafasi ya mtu, na kila moja iliishia kuonyesha jinsi mtu anavyohitajika. Redio ya Kenya ilikaa darasani pamoja na mwalimu na kundi la watoto, si badala yao. Kiingereza hakikai kwenye simu, kinakaa kati ya watu wawili wanaotaka kuambiana kitu.

Likizo inakuja wadau, wengi mtarudi nyumbani mkakuta wadogo zenu na simu mkononi. Pakueni hizo programu huku chuoni kwenye Wi-Fi ya bure, msimalize bando la mama. Kaeni na mtoto. Akimaliza zamu ya mashine, mpeni zamu ya sikio lenu, dakika kumi tu kwa siku. Msicheke, msimkatize, na Kiswahili chake msikifanye kosa, maana ndicho anachosimamia akinyoosha mkono kufikia hicho kingine. Mkisema Kiingereza chenu hakitoshi, kumbukeni yule bibi wa Muheza. Hakujua neno, lakini alisikiliza, na mtoto akaongea.

Nawakilisha. Jumatatu nina test ya historia ya uchumi, niombeeni.